Mtoto Mwenye Pumu: Mwongozo Kamili wa Kuondoa Vichochezi Nyumbani na Shuleni

Mtoto akibanwa na pumu usiku, nyumba nzima huamka. Anatafutiwa dawa, anatafutiwa usafiri, anaombewa. Kukipambazuka akiwa ametulia, mambo hurudi yalivyokuwa: jiko la mkaa linakokewa mlangoni, godoro lililolowa jasho linafunikwa shuka, na jioni dawa ya mbu inawashwa chini ya kitanda. Wiki mbili baadaye anabanwa tena na watu wanasema ni baridi. Mwongozo huu unamhusu mzazi au mlezi anayetaka kuzifanyia kazi siku zile mtoto anapoonekana mzima, kwa sababu pumu hudhibitiwa katika siku hizo.

Njia za hewa za mtoto mwenye pumu zina uvimbe hata anapocheza bila kukohoa. Kikija kichochezi, yaani moshi, vumbi, mafua au harufu kali, misuli inayozizunguka hukaza, uvimbe huongezeka na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Hapo ndipo unaposikia filimbi kifuani. Uvimbe hupunguzwa na dawa ya kinga ya kila siku, na vichochezi huondolewa na mikono yenu wenyewe. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Wapo waliofua mapazia yote na kumfukuza paka huku dawa ya kinga imekaa kabatini, na mtoto akaendelea kuteseka.

Hatua ya 1: Jua kama kweli ni pumu

Si kila kifua kinacholia filimbi ni pumu. Watoto wengi walio chini ya miaka 5 hutoa mlio huo wakipata mafua, na wengi wao huacha wakikua. Zipo pia sababu nyingine: nimonia, kifua kikuu, au punje ya karanga iliyopita njia ya hewa. Mlio ukianza ghafla mtoto akiwa anakula au akichezea vitu vidogo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kikohozi cha zaidi ya wiki 2 kinachoambatana na homa, kupungua uzito, au mtu wa nyumbani anayetibiwa TB, kipimiwe TB kwanza.

Kinachoelekeza kwenye pumu ni hali inayokuja na kuondoka: kikohozi cha usiku wa manane na alfajiri, kubanwa akikimbia, akicheka au akilia sana, dalili zinazorudi hata asipokuwa na mafua, ukurutu wa ngozi, na ndugu wa damu wenye pumu au mzio. Mtoto wa miaka 6 na kuendelea anaweza kupimwa kwa kupuliza kwenye mashine. Uliza kama hospitali ya wilaya au ya mkoa unayoifikia inayo. Na ikiwa kila mwezi mwanao anaandikiwa antibayotiki na dawa ya maji ya kikohozi kwa tatizo lilelile, una haki ya kuuliza: “Daktari, hii haiwezi kuwa pumu?”

Hatua ya 2: Tenganisha dawa ya kutuliza na dawa ya kinga

Dawa ya kutuliza ni salbutamol, mara nyingi kwenye inhela (kikopo cha dawa ya kuvuta) ya bluu. Hulegeza misuli ndani ya dakika chache, lakini uvimbe haiugusi. Dawa ya kinga ni steroidi ya kuvuta, kama beclometasone au budesonide, na hiyo ndiyo inayopunguza uvimbe taratibu. Rangi hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, basi soma jina la dawa. Mtoto anayetegemea salbutamol peke yake wiki baada ya wiki yuko hatarini hata kama kila mara “inamsaidia”. Msaada huo wa haraka ndio unaowafanya wazazi wachelewe kuomba dawa ya kinga.

Inasemekana mitaani kwamba mtoto akianza inhela atazoea na hataiacha tena. Si kweli, inhela haileti uraibu. Dozi ya kuvuta hupimwa kwa mikrogramu na huenda moja kwa moja kifuani, tofauti na vidonge na sindano zinazopita mwili mzima. Steroidi ya kuvuta inaweza kupunguza kasi ya kurefuka kidogo, kama sentimita 1 au pungufu, katika mwaka wa kwanza au wa pili. Pumu isiyodhibitiwa nayo hupunguza kurefuka. Baada ya kuvuta steroidi asukutue mdomo na kutema, asije akapata utando mweupe wa fangasi kinywani.

Inhela isitumike mdomoni moja kwa moja kwa mtoto. Dawa nyingi huishia kwenye ulimi na koo. Tumia spesa, kile kichupa kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Kama bei inakushinda, tengeneza. Mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti katika jarida la Lancet ulioonyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyozibwa vizuri pembeni ya inhela, iliwasaidia watoto waliobanwa sawasawa na spesa ya dukani. Kikombe cha plastiki nyepesi kilifanya vibaya.

Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita. Pasha waya moto, toboa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela, ichomeke, kisha ziba pembeni kwa gundi au utepe hewa isipenye. Osha kwa maji na sabuni ya vyombo, usifute kwa kitambaa, iache ikauke yenyewe. Ukifuta, plastiki hupata umeme unaonasa dawa. Mtoto anaweka midomo kwenye shingo ya chupa, wewe unatikisa inhela, unabonyeza mara moja, naye anapumua ndani ya chupa mara 5 hadi 10. Kisha tikisa tena kwa mpulizo wa pili. Usibonyeze mara mbili kwa mkupuo. Mdogo wa chini ya miaka 4 hivi huhitaji spesa yenye kinyago kinachofunika pua na mdomo bila mwanya.

Andika tarehe ya kuanza kwenye kopo la inhela. Yenye mipulizo 200, kwa mtoto anayevuta 2 asubuhi na 2 jioni, hudumu siku 50. Baada ya hapo inaweza kuendelea kutoa hewa yenye harufu ileile bila dawa ya kutosha. Kuiweka majini uone kama inaelea hakukuambii kilichobaki.

Hatua ya 3: Daftari la mwezi mmoja

Kabla ya kutumia pesa nyumbani, mtafute adui wa mtoto wako, maana vichochezi havifanani. Chukua daftari la kawaida. Kila siku andika: amekohoa usiku? amebanwa mchana? amevuta salbutamol mara ngapi? Pembeni andika yaliyotokea siku hiyo: jirani alichoma taka, tulifukiza udi, alilala kwa bibi, mvua ilinyesha, ana mafua, walifagia darasa, tulipaka rangi.

Mwezi ukiisha tazama mambo manne kwa mtoto wa miaka 6 na zaidi: dalili za mchana zaidi ya mara 2 kwa wiki, kuamka usiku kwa sababu ya kifua hata mara moja, kutumia dawa ya kutuliza zaidi ya mara 2 kwa wiki, na kushindwa kucheza kama wenzake. Yakikosekana yote, pumu imedhibitiwa. Yakiwepo matatu au manne, haijadhibitiwa. Kwa wa miaka 5 na chini kipimo ni kikali zaidi: dalili au dawa zaidi ya mara 1 kwa wiki tayari ni tatizo.

Mafua yataonekana mara nyingi katika daftari lako. Ndiyo yanayowabana watoto kuliko kitu kingine chochote, na kuyazuia yote haiwezekani. Nawisheni mikono, msilaze mtoto kitanda kimoja na mwenye mafua mabichi ikiwezekana, na akianza kupiga chafya hakikisha inhela zote zipo kabla usiku haujaingia.

Hatua ya 4: Anza na moshi

Kama una nguvu na pesa ya kufanya jambo moja tu, fanya hili. Moshi humdhuru kila mtoto mwenye pumu, awe na mzio au asiwe nao, na ukiuondoa kila mwanafamilia anafaidika.

Sigara na shisha kwanza, kwa kuwa kuziondoa hakugharimu chochote. Kuvutia dirishani hakutoshi, na anayevuta nje hurudi na moshi kwenye nguo. Abadili shati kabla ya kumbeba mtoto. Baba mkwe akiwa ndiye mvutaji, mwanawe wa kumzaa ndiye wa kumkabili, na maneno ya daktari husaidia: “Baba, hospitali wamesema moshi ndio unaomlaza mjukuu wako.”

Kisha jikoni. Tanzania ilizindua Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Mtoto wako hawezi kusubiri hadi mwaka huo. Ukiweza kuhamia kwenye gesi au jiko la presha la umeme, hamia, na bado fungua dirisha, kwani gesi nayo hutoa hewa inayokera kifua. Usipoweza kuhama moja kwa moja, gawanya mapishi. Chai, uji na chakula cha usiku, vinavyopikwa mtoto akiwa ndani, viende kwenye gesi. Maharage na makande yanayokaa motoni saa nyingi yachemshwe kwa mkaa mchana, uani, yeye akiwa shule. Mkaa ukokewe mbali na mlango na dirisha. Kuni ziwe kavu kabisa. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku kwa ajili ya joto, hata moshi ukiwa umekwisha, kwani hewa yake isiyo na harufu huua. Jiko la mafuta ya taa na kibatari navyo ni vichochezi. Taa ndogo ya sola ni badiliko jema na la haraka.

Dawa ya mbu ya kuchoma wengi hawaihesabu kama moshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliopima aina zinazouzwa China na Malaysia, ulikuta kwamba kuteketea kwa moja hutoa chembechembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Hiyo ndiyo hewa anayolala nayo mtoto, mlango umefungwa. Malaria nayo ni hatari, kwa hiyo sisemi mwacheni aumwe na mbu. Chandarua chenye dawa kinatosha na hakina moshi. Lakini chandarua hukamata vumbi: kikunguteni nje kila wiki, kifueni kwa sabuni laini kikichafuka, si zaidi ya mara moja kila miezi mitatu hivi, na kianikwe kivulini kwani jua huharibu dawa yake.

Kwa watu wa mwambao, Unguja, Pemba, Lamu, Mombasa hadi Maskati, kuna udi, ubani na bukhuri. Najua nyumba isiyofukizwa siku ya Ijumaa huonekana imepungukiwa. Uchunguzi wa watoto wa Oman uliochapishwa mwaka 2009 uligundua kwamba bukhuri ni kichochezi cha kawaida cha kubanwa kwa watoto ambao tayari wana pumu, ingawa haikuonekana kuongeza idadi ya wenye pumu. Kwa hiyo, kama daftari linaonyesha hivyo, fukizeni nguo kwenye tenge barazani mtoto akiwa hayupo, na chumba chake kisifukizwe kabisa. Mgeni aletewe marashi ya maji badala ya chetezo, na hayo pia yasimkaribie mtoto kama harufu yake inamkereketa.

Mvuke nao huletwa kama tiba. Kumfukiza mtoto kwa nyungu hakutibu pumu. Majani mengine humbana zaidi, na watoto huungua kwa maji ya moto.

Hatua ya 5: Mahali anapolala

Mtoto hulala kwa muda wa saa 9 au 10 pua ikiwa juu ya godoro. Ndani ya godoro, mito na mazulia huishi utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyokula magamba ya ngozi yetu na kupenda unyevu. Kinyesi chao ndicho kinacholeta mzio. Dar es Salaam na Tanga, kwenye joto na unyevu mwaka mzima, wanastawi kuliko Iringa au Njombe.

Hapa niseme ukweli ambao wauzaji wa vifuniko vya godoro hawausemi: kifuniko peke yake husaidia kidogo sana. Kinachosaidia ni kufanya mambo kadhaa pamoja, yanayolenga mzio wa mtoto husika. Ndivyo ilivyoonekana Marekani katika utafiti wa watoto 937 wa miji mikubwa, uliochapishwa mwaka 2004: kila familia ilielekezwa kulingana na mzio wa mtoto wake, na siku za dalili zikapungua.

Fanyeni hivi kwa pamoja. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto sana, nyuzi 60, yaani yasiyoshikika kwa mkono. Mtu mzima achanganye, watoto wakae mbali. Mto wa sufi au wa manyoya ubadilishwe uwe wa sponji au wa nyuzi unaofulika. Godoro lifunikwe pande zote kwa kitambaa kilichofumwa kwa kubana chenye zipu, na siku za jua kali litolewe nje, lisimame, likauke pande zote mbili. Lipigwe mtoto akiwa mbali. Zulia liondoke chumbani. Mkeka wa plastiki unaofutika unatosha. Midoli ya manyoya ibaki mmoja, na ufuliwe pamoja na shuka. Masanduku na nguo za sikukuu zilizorundikwa juu ya kabati zihamie chumba kingine.

Kufagia kwa ufagio mkavu huku mtoto yupo ni kumrushia vumbi. Deki kwa kitambaa kibichi, na uani nyunyiza maji kwanza.

Hatua ya 6: Ukungu, mende na paka

Madoa meusi ukutani baada ya masika ni ukungu. Kuyapaka rangi hakusaidii. Yatarudi kama bati linavuja au bomba linatiririka ndani ya ukuta. Ziba panapovuja, kisha sugua kwa maji na sabuni. Ukitumia jiki, mtoto asiwepo hadi harufu iishe, na usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo. Kama umepanga nyumba, mweleze mwenye nyumba na umwonyeshe picha za madoa.

Mende huacha kinyesi na magamba ambayo ni kichochezi kikubwa, hasa kwenye nyumba za vyumba vilivyobanana. Dawa ya kupuliza nayo inaweza kumbana mtoto. Tumia chambo cha jeli nyuma ya jokofu na kwenye nyufa, vyombo visilale vichafu, unga na sukari vikae kwenye madebe yenye mifuniko, na bomba linalovuja lifungwe, maana mende hufuata maji.

Paka si lazima aondoke kama mtoto habanwi naye. Kama daftari linamtaja, asiingie chumba cha kulala, na msitarajie nafuu ya wiki moja: mzio wake hubaki kwenye viti na mapazia kwa miezi.

Hatua ya 7: Nje na shuleni

Hewa ya mtaani huiwezi peke yako, lakini kuna unaloliweza. Anapochoma taka jirani, nenda asubuhi mkiwa wote mmetulia, umweleze habari ya mtoto. Akikaidi, mwenyekiti wa mtaa yupo. Njia ya shule ipite vichochoroni kuliko kando ya barabara ya malori. Madhara ya magari si ya kufikirika: Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa miaka 9 aliyeishi karibu na barabara kubwa ya London, alifariki kwa pumu Februari 2013, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo alitamka kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia. Mama yake, Rosamund, alipigania uamuzi huo kwa miaka.

Shuleni onana na mwalimu wa darasa mapema, na kama mtoto anasoma madrasa, na ustadhi pia. Omba mambo machache. Kwenye usafi wa asubuhi apewe kumwagilia maua badala ya kufagia. Asikae dawati la mbele kabisa chini ya vumbi la chaki. Inhela ya bluu na spesa viwe mahali anapofikia yeye, si kwenye ofisi inayofungwa. Na asizuiwe kucheza mpira. Apashe mwili taratibu. Kama daktari amekubali, avute salbutamol dakika 15 kabla ya mbio. Mtoto wa bweni awe na dawa ya kinga ya muhula mzima na barua ya daktari kwa matroni au patroni.

Hatua ya 8: Akibanwa

Mkalishe wima, usimlaze. Mwondoe kwenye kichochezi. Mpe salbutamol mipulizo 2 kwa spesa, mmoja mmoja. Asipopata nafuu, rudia baada ya dakika 20, na tena baada ya dakika 20 nyingine. Akihitaji zaidi ya mipulizo 6 ndani ya saa 2 za mwanzo, au nafuu ikija na kuondoka muda huohuo, nenda hospitali.

Usisubiri dakika 20 zozote ukiona haya: hawezi kumaliza sentensi au kunyonya, nyama za kati ya mbavu zinaingia ndani, amelegea au amechanganyikiwa, ulimi au ufizi umegeuka rangi ya bluu au kijivu, au filimbi imenyamaza ghafla huku bado anahangaika kupumua. Ukimya huo maana yake ni kwamba hewa haipiti. Ondoka naye, ukimpa mipulizo njiani, hadi 6 akihema ndani ya spesa. Spesa inafanya kazi vizuri kama nebulaiza, ile mashine ya hospitali inayogeuza dawa kuwa mvuke, kwa wengi wanaobanwa, kwa hiyo usiipuuze kwa kuwaza kwamba “mashine” ndiyo dawa.

Namba ya dereva wa bajaji au teksi anayepokea simu usiku ibandikwe ukutani, pamoja na hatua hizi kwa maandishi makubwa. Msichana wa kazi, bibi na kaka mkubwa wafanye mazoezi ya spesa siku ambayo hakuna anayeumwa.

Baada ya shambulio, hata kama hamkulazwa, mrudishe kliniki ndani ya siku chache. Mdogo wa chini ya miaka 6, kesho au keshokutwa. Nenda na daftari, spesa na inhela zote, hata zilizokwisha. Mwombe mhudumu amtazame mtoto akivuta mbele yake kabla ya kuongeza dozi, na umsomee siku tatu zilizotangulia shambulio kama ulivyoziandika.